Aliyechungulia Kaburi na Faraja ya Mfiwa: Uchambuzi kutoka Ufipa

Kuchungulia kaburi ni kuugua au kuumia hadi jamaa wakakata tamaa, kisha kupona. Msemo huo unawahusu watu ambao kila kijiji kinawajua: mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, mvuvi aliyetolewa majini hana pumzi, mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria. Baadhi yao huamka na habari. Husema walijiona wakiuacha mwili, wakapita gizani, wakafika penye mwanga, wakakutana na ndugu waliokwisha kufa, wakaambiwa kwamba wakati wao bado. Habari hizo husambaa upesi, na anayezisikiliza kwa hamu kuliko wote ni mfiwa. Aliyempoteza mume, mzazi au mtoto anatamani kujua jambo ambalo methali inamnyima, kwa kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Swali, basi, ni hili: habari ya aliyerudi inamfaa nini anayemlilia asiyerudi? Katika nyanda za juu za Ufipa nchini Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, swali hilo lina uzito wake, maana huko habari ya kurudi kutoka kwa wafu inaweza kupokewa kama neema, kama njozi ya homa, au kama dalili ya uchawi. Mapokezi hayo ndiyo yanayoamua kama mfiwa atapata nafuu au ataongezewa mzigo.

Kinachosimuliwa na waliorudi

Masimulizi ya aina hii ni ya kale, lakini yalipata jina la kitaalamu mwaka 1975, Mmarekani Raymond Moody, aliyesomea falsafa na udaktari, alipochapisha kitabu Life After Life. Mwaka 1983 Bruce Greyson, daktari wa magonjwa ya akili, alitunga kipimo chenye maswali 16. Mgonjwa huulizwa kama muda ulikwenda kwa namna ngeni, kama alisikia amani, kama alijiona nje ya mwili, kama aliona mwanga, kama alikutana na marehemu, kama alifika kwenye mpaka asioweza kuuvuka. Alama za juu ni 32, na anayefikisha 7 huhesabiwa kuwa alipitia hali hiyo.

Utafiti uliojulikana zaidi ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001. Pim van Lommel na wenzake waliwahoji wagonjwa 344 walioamshwa baada ya moyo kusimama katika hospitali 10 za Uholanzi. Wagonjwa 62, yaani 18 kwa kila 100, walikuwa na la kusimulia. Mwaka 2014 Sam Parnia na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia matukio 2,060 ya moyo kusimama. Waliopona walikuwa 330, na kati ya 101 waliomaliza mahojiano yote, 9 kwa kila 100 walikuwa na masimulizi yanayofikia kipimo cha Greyson.

Kwa mfiwa, hesabu ya waliokaa kimya ni muhimu kuliko ya waliosimulia. Katika utafiti wa Uholanzi wagonjwa 282 waliamka bila kukumbuka chochote, ingawa mioyo yao ilikuwa imesimama kama ya wenzao. Kwa hiyo mgonjwa aliyezinduka siku mbili kabla ya kufa na asiseme lolote hakuacha ishara mbaya nyuma yake. Ukimya ndio hali ya walio wengi.

Maelezo ya wataalamu

Watafiti wengi hutafuta chanzo cha masimulizi haya katika ubongo. Damu isipofika vizuri kichwani, oksijeni hupungua na kabonidioksidi huongezeka, na mabadiliko hayo huweza kuvuruga namna mtu anavyouona mwili wake na muda. Jimo Borjigin na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba ubongo wa panya hutoa mawimbi ya kasi ya umeme sekunde chache baada ya moyo kusimama. Mwaka 2023 walichapisha kumbukumbu za wagonjwa wanne waliokuwa wakikata roho, na wawili kati yao walikuwa na ongezeko kama hilo. Wapo wataalamu wengine, van Lommel akiwemo, wanaoona kwamba ubongo uliozimika usingeweza kutengeneza kumbukumbu zenye mpangilio namna hiyo. Ugumu unabaki palepale: haijulikani kwa hakika kumbukumbu hizo ziliundwa dakika ipi, wakati wa kuzimika, au wakati wa kuzinduka.

Pande zote mbili zinakubali jambo moja. Kila aliyesimulia alikuwa na ubongo ambao bado uliweza kuamka. Ushahidi wake unahusu njia ya kufa. Makao ya waliokufa hauyafikii. Mfiwa anayeelewa mpaka huo hatavunjika moyo akisikia maelezo ya oksijeni, maana faraja yake haitakuwa imejengwa juu ya hoja ambayo daktari anaweza kuibomoa.

Wanaochungulia kaburi Ufipa

Tafiti hizo zilifanyika katika nchi ambazo mashine za kushtua moyo zipo karibu. Vijijini Ufipa anayechungulia kaburi hupita njia nyingine: kuvuja damu wakati wa uzazi, malaria kali aliyoipata bondeni Rukwa au ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ajali ya pikipiki, kuumwa na nyoka shambani, kuzama maji, au upasuaji. Hapa ipo habari ambayo familia nyingi haziambiwi. Ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana katika hospitali za wilaya nchini Tanzania, huweza yenyewe kumfanya mtu ahisi ametoka mwilini na kuelea. Mama anayeamka baada ya upasuaji akisema alijiona kutoka juu darini hajadanganya. Anachosimulia kimetokea kwake, ila dawa inaweza kuwa sehemu ya sababu.

Sababu nyingine ni namna kifo kinavyotambuliwa nyumbani. Mgonjwa wa malaria ya ubongo, au mwenye sukari iliyoshuka mno, anaweza kulala bila kuitika, pumzi ikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Wanawake wanaanza kulia, jirani anatumwa kwa ndugu, kisha mgonjwa anafumbua macho. Kijiji kinasema amefufuka. Kitabibu alikuwa amezimia, lakini kijamii tayari ameliliwa, na jina la aliyefufuka humfuata maisha yake yote.

Habari inavyopokewa

Katika mapokeo ya Wafipa, habari za upande wa pili hazikuwa kazi ya mgonjwa aliyezinduka. Zilikuja kwa ndoto, kwa wazee wanaojua matambiko, na kwa pepo wanaompanda mtu. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza kuishi na kufanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baadaye aliandika juu ya uganga wa pepo waitwao ngulu miongoni mwa Walungu wa upande wa Zambia, ambao ni jirani wa karibu wa Wafipa kwa lugha na desturi. Kitabu chake kuhusu uganga huo kilitoka mwaka 1999. Naye mtafiti Gregory Shushan, katika kitabu cha mwaka 2018 kilicholinganisha jamii za Afrika, Marekani ya Kaskazini na visiwa vya Pasifiki, aliona kwamba Afrika ina masimulizi machache zaidi ya waliorudi kutoka kwa wafu, na kwamba aliyerudi mara nyingi aliogopwa. Mambo haya mawili yanaelezana. Pale ambapo njia ya kusikia kutoka kwa mizimu ni ndoto na pepo, anayerudi na mwili wake mwenyewe anakosa nafasi ya kuwekwa, na watu wanamkodolea macho.

Nafasi hiyo iliyokosekana ilifunguliwa na Ukatoliki. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, walishika kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka huko imani ikapanda hadi nyanda za juu. Mtu anayestahili kukumbukwa katika mada hii ni Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka 67 tabibu na katekista walikuwa mtu mmoja: mkono uleule uliotoa dawa ndio uliobaki na mgonjwa dawa ziliposhindwa. Mjini Sumbawanga ipo hospitali ya Kanisa inayoitwa kwa jina lake.

Kutokana na malezi hayo, familia ya Kikatoliki ya Ufipa ina lugha tayari ya saa ya mwisho: mpako wa wagonjwa, sala za kumsindikiza anayekufa, misa ya marehemu, toharani, na kumbukumbu ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba. Mwanga na ndugu waliotangulia vinaingia kwa urahisi katika lugha hiyo. Hata hivyo Kanisa huhesabu maono ya mtu mmoja kuwa ya kwake, na hakuna muumini anayelazimika kuyasadiki. Msimamo huo unamfaa mfiwa. Anaruhusiwa kufarijika kwa habari ya bibi aliyezinduka bila kuigeuza kuwa nguzo ya imani yake.

Kwa Waislamu, walio wengi zaidi katika miji ya ufukweni kama Kirando na Kasanga, roho ya marehemu iko barzakh, kizuizi kati ya dunia na siku ya kiyama, na aliyefika huko harudi. Aliyechungulia alikuwa katika sakarati ya mauti, hajafa. Faraja ya mfiwa inatafutwa katika dua, sadaka na subira, na ndoto njema inayomwonyesha marehemu hupokewa kwa shukrani. Kwa walokole hali ni tofauti tena. Aliyezinduka hupewa nafasi ibadani atoe ushuhuda, na ushuhuda mara nyingi huwa na mbingu na jehanamu, pamoja na wito wa kutubu.

Mapokezi ya mwisho ni ya hofu. Jina Sumbawanga lenyewe hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na katika miaka ya 1960 Willis alishuhudia huko Ufipa harakati ya kamchape, iliyodai kuwafichua wachawi na kuwavua uchawi wao. Imani ya msukule husema kwamba baadhi ya waliozikwa hawakufa, bali wamechukuliwa wakatumikishwe. Ndani ya imani hiyo, aliyefufuka anazua swali la nani alikuwa amemchukua. Upande wa pili wa mpaka, daktari Nsama Mumbwe wa Zambia aliwahoji watu 15 waliochungulia kaburi, na wapo waliosema yaliyowapata ni kurogwa au ndege mbaya. Masimulizi yao yalifanana na ya Ulaya. Maana waliyoyapa ndiyo iliyotofautiana. Hali inayofanana na ile iliyoitwa amani huko Uholanzi ilionekana kuwa jambo baya kwa baadhi yao.

Faraja inakotoka

Juni na Julai, baridi ya Sumbawanga, mji ulio mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, huwakusanya wanaume wa msibani kando ya moto nje, na wanawake ndani kwenye mikeka pamoja na mfiwa. Usiku wa pili au wa tatu, kilio kikiwa kimetulia, mfiwa huanza kuuliza, na mazungumzo huenda hivi:

"Mama mdogo, wewe ulikuwepo. Aliteseka?"

"Mwanangu, alikata kauli saa nane. Kabla ya hapo alimwita mama yake. Alimwita kama anayemwona pale mlangoni."

Bibi aliyeketi pembeni, ambaye zamani alizimia kwa kuvuja damu hadi akaandaliwa sanda, naye husema: "Mimi nilipokuwa huko sikusikia maumivu, mjukuu wangu. Niliwasikia mkilia, lakini kwa mbali."

Bibi huyo hajaeleza mbingu ikoje. Amejibu swali moja tu, na ndilo lililokuwa likimtafuna mfiwa. Kwa kawaida mfiwa huwa na maswali machache yanayorudi usiku kucha: aliumia? Alikuwa peke yake? Aliondoka na kinyongo nami? Swali la kwanza ndilo ambalo waliochungulia kaburi wana uwezo mkubwa zaidi wa kulijibu, maana amani na kukoma kwa maumivu ni miongoni mwa mambo yanayotajwa mara nyingi katika masimulizi yao. Na bibi huyo anaaminika kwa sababu anajulikana: kila aliyeketi hapo anajua mwaka alioanguka na nani alimbeba.

Swali la pili ni zito kwa familia ambazo mgonjwa wao alipewa rufaa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga, akafia wodini ndugu wakiwa bado njiani au wakitafuta nauli. Wao hawakuona pumzi ya mwisho, na lawama huwakaa moyoni. Hapa habari za kupokewa na waliotangulia huwasaidia wengi. Zinaungwa mkono na jambo ambalo wauguzi wa wagonjwa mahututi wanalijua vizuri, yaani mgonjwa kuwaita au kuwaona marehemu siku chache kabla ya kufa. Mwaka 2014 kikundi cha Christopher Kerr, huko Buffalo, Marekani, kilitoa matokeo ya mahojiano ya kila siku na wagonjwa 59 waliokaribia kufa. Takriban 88 kwa kila 100 walisema waliota au kuona mambo ya namna hiyo, na ndoto zenye ndugu waliokufa ndizo zilizowatuliza zaidi. Ushahidi huu uko karibu na mfiwa kuliko ule wa waliopona, kwa sababu unatoka kwa watu waliokufa kweli, na unaonyesha walivyokuwa wakijisikia walipokuwa njiani.

Swali la tatu haliwezi kujibiwa na mgeni. Kama mume na mke walikuwa hawasemezani wiki ile, habari ya mwanga haiwapatanishi. Hapo ndoto za mfiwa mwenyewe ndizo hufanya kazi. Daktari Dewi Rees alipowahoji wajane na wagane 293 huko Wales, aliona kwamba karibu nusu yao waliwahi kumhisi, kumsikia au kumwona mwenzi aliyekufa, na wengi walisema iliwasaidia. Utafiti huo wa mwaka 1971 uliwashangaza madaktari waliodhani kuwa hali hiyo ni ugonjwa. Mjane wa Ufipa anayesema "marehemu amenijia" hahitaji ruhusa ya daktari kusema hivyo. Mtafiti Dennis Klass na wenzake walijenga hoja katika kitabu cha mwaka 1996 kwamba mwenye huzuni hahitaji kuukata uhusiano na marehemu ili apone. Anaubadilisha na kuendelea nao. Familia inayomwita mtoto kwa jina la babu yake imekuwa ikifanya hivyo siku zote.

Faraja inapogeuka kuwa mzigo

Habari ya aliyerudi ina madhara yake pia. La kwanza ni kulinganisha. Mama aliyezika mtoto aliyekufa kwa degedege anamsikia mwenzake akisimulia jinsi wake alivyorudishwa, naye anabaki na swali la kwa nini wake hakurudishwa. Kauli ya kwamba wakati haujafika humfariji aliyepona, lakini kwa aliyefiwa na mtoto wa miaka miwili ni kama kuambiwa kuwa wakati wa mtoto huyo ulikuwa umefika.

La pili ni masimulizi ya kutisha. Sehemu ya waliochungulia kaburi walikuta utupu, hofu au mateso, na Greyson pamoja na Nancy Evans Bush waliyachambua masimulizi hayo mwaka 1992. Yakisemwa mbele ya familia ya mtu aliyejiua, jeraha hupanuka. Ni vema familia kama hiyo ijue kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 haiwakatii tamaa waliojiua, na Kanisa huwaombea.

La tatu ni kutamani kumfuata marehemu. Picha ya amani ikipakwa rangi kupita kiasi, mfiwa aliyechoka anaweza kuiona kama mlango. Mtu anayesema anataka kumfuata marehemu, anayegawa vitu vyake, au asiyekula wala kulala kwa wiki nyingi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali kama apelekwavyo mgonjwa mwingine.

La nne ni tamaa na tuhuma. Wapo wanaochukua pesa za wafiwa kwa ahadi ya kumwonyesha marehemu au kumrudisha kutoka usukuleni. Mfiwa anayeaminishwa kwamba mtoto wake yu hai mahali fulani hawezi kuomboleza, na jirani anayetajwa kuwa ndiye aliyemchukua anaweza kupigwa au kuuawa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inakataza kumtuhumu mtu kwa uchawi. Wakati wa msiba wazee wa mtaa na viongozi wa dini wanaweza kuliweka wazi hilo mapema, kabla ya neno kutoka.

Mahali pa simulizi katika msiba

Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mwenye huzuni huenda na kurudi kati ya kumlilia marehemu na kushughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba anahitaji yote mawili. Desturi za msiba nchini zina mpangilio unaofanana na huo: siku za kukaa tanga, kisha kuanua tanga, arobaini, na kurudi shambani. Habari ya aliyechungulia kaburi ina nafasi yake katika mpangilio huo. Siku ya maziko ni mapema mno. Mfiwa bado anahitaji kushikwa mkono na kuambiwa pole. Usiku wa tatu, au wiki baadaye, akiuliza mwenyewe, ndipo inapofaa.

Anayesimulia naye ana wajibu. Aseme alichokiona na asiongeze. Asimwambie mfiwa marehemu wake yuko wapi, maana hakumwona huko. Kama alipewa dawa ya usingizi au alikuwa na homa kali, si aibu kulisema hilo. Habari yake haipungui thamani mbele ya anayetaka tu kujua kama kulikuwa na maumivu. Naye mfiwa akishachukua neno moja lililomgusa, kama lile la bibi kwamba sauti za waliomlilia zilimfikia kwa mbali, aachwe akae nalo. Kwa mwana aliyemlilia mama yake sikioni hadi pumzi ya mwisho, neno hilo linamwambia kwamba huenda alisikika.